Kitu Hicho Sikipokei

Kule Kisiba, karibu na Tukuyu, salamu ya asubuhi ni "Ugonile", yaani umelalaje, na watu huitikia "ndaga", yaani vizuri, nashukuru, bila hata kufikiri. Alinanuswe naye aliitikia hivyo hivyo kwa kila aliyepita kwenye kijia cha migombani, na kila asubuhi alikuwa anadanganya. Hakuwa amelala. Alikuwa amekesha ameegemea ukuta, mkono mmoja juu ya kifua cha binti yake Lusungu, akisikiliza pumzi za mtoto.

Alichokiogopa ni ndoto, na ndoto yenyewe ilikuwa ile ile. Yuko jikoni kwake anapuliza moto. Mlango unaingia giza. Baba mkwe wake, Mzee Lazaro, anainama, anaingia, ananyoosha mikono, na mikononi ana kitu kilichoviringishwa kwenye koti. Hasemi neno. Alinanuswe anapokea kwa mikono miwili, maana mtu mzima akikupa kitu hukiachi hewani. Kitu ni cha baridi. Anaanza kulifungua koti, na kabla hajafika mwisho anaamka anatweta, anampapasa Lusungu kuona kama ana joto.

Maana yake aliijua, au alijiona anaijua. Kabla ya Lusungu alipata mtoto wa kiume, akazaliwa hospitalini hana uhai, na yeye mama mtu alivuja damu mpaka akawa hajui usiku wala mchana. Alipopata fahamu sawasawa mtoto alikuwa ameshazikwa. Mumewe, Ackson, alikuwa safarini, kwa hiyo aliyekwenda kumchukua marehemu ni Mzee Lazaro, peke yake. Sasa, aliwaza Alinanuswe, mzee anakuja na habari ya huyu wa pili.

Hapo pana jambo la kumweleza asiyetoka kwetu. Mke wa mtu hamtazami baba mkwe. Humtila, ndivyo tunavyosema, yaani humwogopa kwa heshima. Akisikia kikohozi chake njiani huingia migombani na kugeuza mgongo mpaka apite. Hamtaji jina, hali naye, hasemi naye. Mjini watu walikuwa wamekwisha kulegea, wengine wanakaa sebule moja na wakwe zao wakicheka, lakini Mzee Lazaro hakuwa wa mjini, na Alinanuswe alilelewa na bibi mkali. Miaka yote ya ndoa yake alimjua mzee kwa kikohozi, kwa mabuti ya mpira na kwa mlio wa fimbo. Uso wake hakuwahi kuuona. Tangu mama mkwe afariki, chakula cha mzee na salamu zote zilipita kwa wifi yake, Prisca.

Na ndoto yenyewe angemweleza nani? Mwanamke akisema kijijini kwamba baba mkwe anamjia usiku ana kitu mikononi, watu wanamalizia wenyewe. Neno uchawi likishamshika mzee halimwachii. Alinanuswe alikuwa na hofu ya kupoteza mtoto, lakini hakuwa na roho mbaya. Akanyamaza, akawa anakonda.

Aliyemfungua mdomo ni Sauda wa Makandana. Ilikuwa ile miaka mitumba iliporuhusiwa na soko la Tukuyu likabadilika sura. Chama cha ushirika kilikuwa hakiwalipi watu kahawa yao, kwa hiyo Ackson aliacha kazi ya mizani, akahamia mpakani Kasumulu kuuza betri na sukari, akawa mtu wa kuja na kuondoka. Sauda yeye aliuza nguo, na siku za gulio Alinanuswe alikuwa akimpelekea ndizi.

"Mwenzangu, utakufa umesimama," Sauda alimwambia siku alipomkuta anasinzia juu ya rundo la fulana. "Mume yuko Kasumulu, sasa anayekunyima usingizi ni nani?"

Alinanuswe hakucheka. Alilia, akaeleza yote kwa sauti ya chini huku akikunja fulana ambazo hakuna aliyemwomba azikunje.

Sauda alisikiliza mpaka mwisho. "Mimi baada ya ile ajali ya basi nilikuwa naanguka kila usiku," akasema. "Nikamsikia daktari mmoja redioni, idhaa ya nje. Akasema mtu anaweza kujifunza kujua kwamba anaota huku bado anaota. Ukishajua hivyo, ndoto inakuwa ya kwako, unaweza kuikatalia. Nilidhani ni porojo za watu wasio na kazi. Lakini nilijaribu, wallahi, na sasa nikianguka naona raha."

"Unajifunzaje kitu umelala?"

"Unajifunza ukiwa macho. Mchana kutwa ujiulize, naota ama sioti? Halafu ujipime. Ziba pua, funga mdomo, vuta pumzi. Kama haipiti, uko macho. Ndotoni inapita tu. Au soma maandishi, tazama pembeni, soma tena. Ndotoni maandishi hayatulii. Ukizoea mchana, usiku utajikuta unafanya." Akamtupia fulana yenye herufi kubwa kifuani. "Tundika hiyo jikoni. Sasa niambie, ndani ya hiyo ndoto kuna nini ambacho mchana hakiwezi kutokea?"

Alinanuswe hakuhitaji kufikiri. "Uso wake."

"Basi umeshapata. Ukiuona uso wa mkwe wako, ujue unaota. Mwambie, kitu hicho sikipokei."

Akaanza. Mtu akikuambia kujifunza kuota ni kazi nyepesi, mwulize kama amewahi kukiogopa kitanda chake mwenyewe. Alinanuswe alisoma ile fulana huku anamenya ndizi, akatazama pembeni, akaisoma tena. Aliziba pua kwenye shamba la chai, aliziba pua kisimani, na Jumapili moja akaziba pua kanisani katikati ya maombi. Mama mmoja aliyekaa naye benchi akanuna, akahamia upande wa pili, na hajamsamehe mpaka leo. Kila alipojipima moyo ulimdunda, maana alikuwa haogopi tena usiku peke yake. Sasa hata mchana alikuwa hana hakika nao.

Usiku wa kwanza ilipofaulu alifurahi mno, akaharibu. Mlango uliingia giza, mzee akainama, na Alinanuswe akauona uso. Ndotoni mzee alikuwa hana uso wake mwenyewe, alikuwa anaazima, mara wa mchungaji, mara wa marehemu baba yake Alinanuswe, na usiku ule aliazima wa fundi cherehani. Alinanuswe akasema moyoni, huyu namwona uso, kumbe naota. Furaha ikamwamsha hapo hapo. Usiku uliofuata ndoto haikuja. Ilipokuja tena alijizuia, akakaza sauti, akasema, "Kitu hicho sikipokei." Mzee akageuka na mzigo wake, akatoka. Alinanuswe akalala mpaka kulipopambazuka, na aliyemwambia "Ugonile" asubuhi ile alijibiwa ndaga ya kweli.

Hapo ndipo alipojiamini kupita kiasi. Akaacha kusoma fulana. Kwa nini ajipime, na dalili anayo?

Siku moja kulikuwa na msiba upande wa pili wa kijiji, na watu karibu wote walikwenda. Prisca alikwenda. Alinanuswe alikuwa ametoka kuchuma chai tangu alfajiri, mvua imemlowesha, akaketi karibu na moto ajikaushe. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba. Lusungu alikuwa kizingitini anacheza na ua la mgomba. Joto likamlegeza mama mtu, kichwa kikashuka.

Alipokiinua, mlango ulikuwa umeingia giza.

Mzee Lazaro aliinama, akaingia. Alikuwa anahema kiasi cha kushindwa kusema, na mikononi alikuwa na kitu kilichoviringishwa kwenye koti. Alinanuswe akamtazama usoni. Ulikuwa uso mrefu, wenye kovu juu ya nyusi, na haukuwa wa mchungaji wala wa fundi wala wa mtu yeyote anayemfahamu. Hilo tu lilitosha kumshtua, kama angekuwa na akili ya kushtuka. Yeye alitabasamu. Hofu yote ilimtoka, akajisikia mwepesi, akamwambia mzee kwa sauti ya mtu anayemfukuza kuku, "Wewe ni ndoto. Nimeshakwambia, kitu hicho sikipokei."

Akamgeuzia mgongo, akachochea moto.

Mzee hakuondoka. Mikono yake ilibaki imenyooka. Alinanuswe, kwa mazoea tu, akapeleka vidole puani, akaziba, akavuta.

Pumzi haikupita.

Akabana zaidi, akavuta tena mpaka masikio yakamwuma. Haikupita. Nyuma yake koti likakohoa.

Hakumbuki alivyogeuka. Anachokumbuka ni matope kwenye nywele za Lusungu, midomo ya mtoto iliyokuwa ya rangi isiyofaa, na maji yaliyomtoka mdomoni alipomlaza kifudifudi magotini na kumpiga mgongoni. Mtoto akatapika, akalia. Alinanuswe alilia kuliko mtoto. Alipokumbuka kutazama mlangoni, hapakuwa na mtu. Alisikia mabuti ya mpira yakishuka taratibu, bila mlio wa fimbo. Fimbo ilikuwa imebaki mtoni, chini ya migomba, ambako Lusungu aliteleza mama yake aliposinzia, na mzee aliitupa ili amwopoe mjukuu wake.

Lusungu alipata homa, ikapoa. Kilichofuata ndicho kilichokuwa kigumu. Prisca alikuja, akasimama mbali kidogo na jiko, hakukaa.

"Wifi, baba hali chakula," akasema. "Anasema alikuletea mtoto ukacheka, ukamwambia hupokei kitu chake. Ukamwambia umeshamkataza. Anauliza, amekuja kwako lini nyingine? Anasema kama una neno juu yake, useme angali hai, usingoje azikwe ndipo watu waambiwe."

Alinanuswe alielewa. Mzee aliyempa mtoto wake uhai alikuwa amekaa nyumbani kwake anasubiri kuitwa mchawi.

Jioni hiyo hiyo alijifunga kitenge kichwani, akamfunga Lusungu mgongoni, akashuka. Nyuma ya nyumba ya mzee palikuwa na uzio wa mianzi. Mzee aliketi upande wake, Alinanuswe akaketi upande wa pili, chini, mgongo wake umeelekea uzio. Prisca alitaka kukaa katikati apeleke maneno, Alinanuswe akamwomba aende tu jikoni. Akaeleza kila kitu, tangu ndoto ya kwanza hadi fulana na pua, kwa sauti ndogo, akijua kwamba akikosea neno moja hakuna wa kumrekebishia.

Maji yalidondoka kwenye majani ya migomba. Kisha kikasikika kile kikohozi alichokikimbia miaka yote.

"Nkamwana," mzee akasema. Ndilo neno la kumwita mke wa mwana, na hakuwahi kumwita hivyo. "Siku ile hospitali nilifika mpaka mlango wa wodi. Nimembeba kwenye koti hili. Nesi akaniambia, mzee ingia, mama yake amefumbua macho kidogo, amwone kabla hujaondoka. Nikasimama pale. Nikasema, mimi ni mkwe, nitaingiaje alikolala? Nikageuka, nikaenda kuzika. Nilifikiri ni heshima. Hata mimi silali vizuri."

Alinanuswe alishika mwanzi wa uzio. Alikuwa na swali alilolibeba miaka yote, na mtu wa kulijibu alikuwa mmoja tu duniani, na ndiye pekee aliyekuwa haruhusiwi kumwuliza.

"Baba, alikuwaje?"

"Nywele nyingi. Nyingi sana. Kidole kidogo cha mkono kimepinda kama changu."

"Na uso?"

"Uso niliutazama sana njia nzima. Wa Ackson haukuwa. Wangu haukuwa. Nikabaki najiuliza ni wa nani." Akakohoa tena. "Nimejua juzi, uliponitazama kule jikoni kwako. Ulikuwa wako."

Alinanuswe alipanda kurudi kwake giza likiingia, Lusungu amelala mgongoni, ana joto. Alitandika, akamlaza mtoto, akaitungua ile fulana jikoni na kuikunja. Kisha akajilaza, akafumba macho, akaanza kuogopa upya. Safari hii aliogopa kwamba mzee hatakuja na koti lake.