Kidole Kimoja cha Ziada

Mvua ilianza kumwagika juu ya bati baada ya swala ya isha, na Johari akajua kwamba usingizi umeshamuaga. Akakaa kitako kwenye mkeka, simu mapajani, akisikiliza. Binti yake Nasra alikuwa Kibiti mjini tangu alasiri, akiwasubiri wageni wanaotoka Dar es Salaam: Abdulatifu, wakala anayewanunulia vikapu, na mama mmoja aliyetumwa na wanunuzi wa Ulaya kuja kuvipima. Vikapu vyenyewe, mzigo mzima wa kikundi cha wanawake wa Mtunda, vilikuwa vimeshapelekwa mjini na kufungiwa katika chumba cha kupanga kando ya barabara kuu.

Vikikubaliwa, vinasafiri. Vikikataliwa mara hii ya pili, basi. Abdulatifu aliwaambia hivyo waziwazi, tena bila ukali, na huo upole wake ndio uliomtisha Johari. Wanunuzi wangetafuta wasukaji nchi nyingine, na Mtunda ingerudi kusuka vikapu vya kubebea mihogo.

"Njoo ulale," mumewe Bashiru alimwita kutoka chumbani. "Mvua hainyeshi ndani ya vikapu."

"Na gari lao likikwama? Simu ya Nasra haipatikani."

"Haipatikani kila siku. Mtoto yule huchaji simu yake akikumbuka."

"Na kama yule mama ameghairi, amerudi Dar?"

"Johari, wewe ukikosa la kuogopa unaazima kwa jirani."

Hakukosea. Ndivyo alivyoumbwa. Alimaliza darasa la saba, akaolewa, akazaa, akalea, na katika yote hayo hakuna usiku aliolala bila kuwapapasa watoto miguu kuona kama wamo wote. Kufuli la mlango alilivuta mara mbili. Chungu cha kuchemshia ukindu wa rangi hakukiacha jikoni peke yake hata kwa muda wa kwenda kuomba chumvi. Watoto walikua wakimcheka, na wenzake katika kikundi walimcheka zaidi. Lakini siku walipohitaji mtu wa kushika kipimo, vichwa vyote viligeuka kumtazama yeye.

Kisa cha kuhitaji mtu huyo kilikuwa hivi.

Mwaka uliotangulia, Abdulatifu alikuja na kijiti cha kipimo na kikapu kimoja cha mfano. Kilikuwa cha pembe nne, cha kawaida kabisa, rahisi kuliko mkeka wa harusi. Akawaeleza kwamba huko kiendako hakibebi kitu wala hakitundikwi. Kinaingia kwenye kabati la chuma lisilo na milango, kinavutwa na kusukumwa kama droo, watu wanawekea nguo. Kabati linatengenezwa nchi moja, magurudumu yake nchi nyingine, vikapu Mtunda, na vyote vinakuja kukutana dukani katika nchi ya nne, vikiwa havijawahi kuonana.

"Kama ndoa ya kuchaguliwa mchumba," alisema Tatu, wifi yake Johari, dada yake Bashiru, mwanamke mnene mwenye mkono mwepesi kuliko wote katika kusuka ukili, ule utepe mrefu unaoshonwa kuwa kikapu.

"Ndiyo hivyo, mama," Abdulatifu alicheka. "Kwa hiyo bwana harusi asizidi mlango."

Wakasuka. Wakashona. Wakapeleka. Miezi ikapita, kisha picha ikaingia katika simu ya Nasra: kikapu cha Mtunda kimekwama nusu njia katika kabati, pembe zimejikunja, kama mbuzi aliyekataa kuingia zizini. Mzigo wote ulikataliwa. Hakikuingia hata kimoja.

Siku hiyo palikuwa na makelele barazani kwa Johari. Mmoja alisema Wazungu wamekishika vibaya. Tatu alisema walikate kabati lao. Nasra ndiye aliyeuliza, taratibu, kwa adabu ya mtoto mbele ya wakubwa: "Mama zangu, kijiti cha kipimo mlikifuata?"

"Tulikifuata," walijibu wote.

"Kabisa?"

Kisha bibi mmoja akakohoa. "Mimi niliongeza kidole kimoja. Kidole tu."

"Na mimi," akasema wa pili.

"Hata mimi niliongeza kidogo."

Kumbe wote. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyeongeza, kwa siri, kwa mapenzi ya mteja. Hivyo ndivyo walivyolelewa. Kwao mchele haupimwi ukafutwa juu ya kibaba. Unajazwa hadi ufanye kichuguu, kisha muuzaji anatupia konzi nyingine juu yake. Anayeuza samaki anaongeza mmoja mdogo. Mama anayemsukia mtu mkeka huongeza ukili mmoja wa mgeni asiyetarajiwa. Kumkabidhi mtu kipimo kikavu, kisicho na nyongeza, ni kumwambia usoni kwamba humpendi. Walicheka siku ile mpaka wakashika mbavu, pamoja na hasara ile, maana wangefanyaje? Wamekataliwa kwa ukarimu.

Abdulatifu alipokuja kuwaona hakucheka sana. "Mama zangu," alisema, "nyongeza yenu naijua, na mimi ni mtoto wa Mafia, nimelelewa nayo. Lakini chuma hakina shukrani."

Akawaombea nafasi ya pili. Na hapo ndipo Johari alipokabidhiwa kijiti.

Kazi hiyo ilimkaa kama kanga ya Idi. Alipima mdomo wa kila kikapu, alipima kina, alipima pembe. Kikizidi alikirudisha, kifumuliwe ukili wa mwisho na kushonwa upya. Alirudisha vya rafiki zake. Alirudisha vya Nasra. Alirudisha na kimoja cha Tatu, kizuri kuliko vyote, chenye miraba ya zambarau na njano iliyokaa sawa utadhani imechorwa.

"Kimezidi, wifi."

"Kimezidi nini? Uzuri?"

"Kidole."

"Kidole chako au changu? Maana vyangu vinene."

"Wifi, kifumue."

Tatu akakichukua kikapu chake, akakikumbatia. "Mama yetu hakunifundisha kusuka kwa ubahili. Kaka yangu alidhani ameoa mke, kumbe kaoa afisa wa forodha." Tangu siku hiyo akawa anamwita Bwana Forodha, mbele za watu, na watu wakalishika jina.

Baada ya usiku ule wa mvua, simu ililia wakati wa adhana ya alfajiri. Johari aliidaka kabla haijalia mara ya pili.

"Mama, wamefika. Gari lilikwama njiani, wamelala kwenye gari. Wanaanza kupima asubuhi hii."

"Wamekula?"

"Mama!"

"Nauliza tu. Mtu mwenye njaa hapimi kwa haki."

Jua lilipochomoza, wanawake wa Mtunda walishateremka Kibiti, wamevaa kama wanaokwenda kwenye ngoma ya unyago, harufu ya udi ikiwatangulia. Mkaguzi aliitwa Bi Habiba, mwenyeji wa Tanga, mwembamba, miwani puani, sauti nzito kuliko mwili wake. Aliwasalimia mmoja mmoja, akaulizia mvua na mpunga, kisha akasema neno lake bila kulizungusha.

"Mle ndani nina kabati lenyewe, limetoka kiwandani. Nitachomoa vikapu vichache bila kuchagua. Vikiingia vyote, mzigo unapita. Kimoja kikikwama, mzigo wote unarudi. Sheria hiyo sikuitunga mimi, na kuibadilisha siwezi."

Akaingia na Abdulatifu na Nasra, na mlango ukafungwa, maana wanawake walikwishaanza kuchungulia na kumfundisha kazi.

Wakahamia kwenye mabenchi ya mama ntilie aliyekuwa pembeni. Chai ya tangawizi ikaja, vitumbua vikaja. Kutoka ndani ya chumba ikasikika sauti ndogo: shwaa, kisha tak. Kikapu kimeingia. Wanawake wakatazamana na kutabasamu. Shwaa, tak.

Johari hakuwa akitazama mlango. Alikuwa akimtazama wifi yake. Tatu alikuwa na kitumbua mkononi, nacho kilikuwa kizima. Katika miaka yote aliyomjua, Johari hakuwahi kuona kitumbua kikamaliza hata dakika kikiwa kizima mkononi mwa Tatu.

"Wifi, unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi kula."

Tatu akakishusha kitumbua kwenye sahani. Akamsogelea, akasema kwa sauti ambayo si yake ya siku zote. "Bwana Forodha, usipige kelele. Kile kikapu changu sikukifumua."

"Kiko wapi?"

Tatu akauelekeza mlango kwa kidevu. "Siku ya kupakia nilikitia katikati ya vingine. Sikukusudia ubaya, wallahi. Nilitaka tu kifike Ulaya. Kimoja tu, mama, nani angejua? Sasa nimemsikia huyu mama anavyosema kimoja kikikwama…" Machozi yakamtoka, naye akayafuta kwa ncha ya ushungi huku akijifanya anafuta jasho.

Shwaa, tak.

Johari aliinuka. Angeweza kukaa. Kikapu kimoja katikati ya mzigo ule mkubwa, na mkaguzi anachomoa vichache tu. Huenda mkono wake usingekigusa kabisa. Halafu? Kingefika ng'ambo, mtu angekisukuma kwenye kabati lake, na picha nyingine ya mbuzi aliyekataa zizi ingerudi kwenye simu ya Nasra. Maisha yake yote Johari alikuwa ameogopa mambo ambayo hayajatokea. Hili lilikuwa limetokea, liko nyuma ya mlango ule, na jambo la ajabu ni kwamba miguu yake ilikuwa imeshafika hapo. Akabisha hodi.

Nasra alifungua kidogo. "Mama, hairuhusiwi."

"Mwambie Bi Habiba kuna kikapu humo ndani ambacho hakikupita kwangu."

Bi Habiba akatokeza, miwani mkononi. Tatu tayari alikuwa amesimama nyuma ya Johari, ushungi umemlegea. "Ni changu, mama. Huyu alikikataa. Mimi nilikiingiza."

"Na mimi ndiye mpimaji," Johari akasema. "Ilinipasa nisimame pale mpaka kikapu cha mwisho kipakiwe. Sikusimama."

Mkaguzi aliwatazama kwa zamu, huyu mnene anayelia na huyu mkavu aliyejikaza. "Kiko wapi?"

Johari akaingia, akapitisha kiganja juu ya midomo ya vikapu vilivyopangwa, safu baada ya safu, mpaka alipokigusa. Kikachomolewa. Rangi zake zilipendeza hata Bi Habiba akasema "Maashallah" kabla hajajizuia. Akakisukuma kwenye kabati. Kikakwama.

Abdulatifu alikuwa ameshika kichwa.

"Ningekichomoa mimi mwenyewe," Bi Habiba alisema, "ningeshafunga mkoba. Lakini mmekuja wenyewe, na hiki mmekiondoa kwenye mzigo kabla sijakichomoa." Akamrudishia Tatu kikapu chake. "Sasa sichomoi vichache. Napima vyote, kimoja kimoja. Kikikwama kimoja, mama zangu, msinilaumu. Tokeni nje."

Mlango ukafungwa tena.

Basi ikawa asubuhi ndefu. Habari ilizunguka mabenchi kwa kunong'ona, na Johari alisubiri wenzake wamgeukie Tatu wamrarue. Badala yake yule bibi aliyekuwa wa kwanza kuungama kidole chake mwaka uliopita akamvuta Tatu akae karibu naye. "Wewe ni mjinga," alimwambia, "lakini ni mjinga wetu." Tatu akacheka na kulia kwa pamoja. Akamimina vitumbua vyote kwenye kikapu chake cha zambarau na kuvizungusha kwa wenzake, na kitumbua chake akakila hatimaye, kwa mkupuo.

Ndani, shwaa, tak.

"Hicho changu," alisema mmoja. "Nakijua kwa mlio."

"Chako kina mlio gani?"

"Wa heshima."

Kila kikapu kilipoingia, wakaanza kuitikia. Kwanza chinichini, "haya!", kama watu wanaojionea haya kwa kweli. Shwaa, tak. Haya! Kisha mmoja akagonga kijiko kwenye kikombe kufuata mlio, mwingine akapiga kofi katikati, na kabla ya adhuhuri pembeni mwa barabara kuu ya Kibiti palikuwa na ngoma kamili, mpigaji wake mkuu akiwa mwanamke wa Tanga aliyekuwa ndani ya chumba na wala hajui. Abiria wa mabasi walitoa vichwa madirishani. Dereva wa bodaboda akauliza bibi harusi yuko wapi.

"Ndani!" Tatu alimpigia kelele. "Anapimwa mlango!"

Hata Johari alicheka. Alicheka huku vidole vyake vikiminya kijiti cha kipimo alichokuja nacho ndani ya kanga, na kila shwaa alishusha pumzi, na kila baada ya tak aliivuta tena. Hakuweza kufanya vinginevyo. Mtu haumbwi mara mbili.

Kisha mlio ukakoma.

Vijiko vikanyamaza. Makofi yakafa hewani. Wanawake wote wakainuka kwa pamoja bila kuambiana, na Tatu akaushika mkono wa wifi yake kwa nguvu. Ndani kulisikika kitu kikiburutwa sakafuni, kisha mlio wa utepe wa gundi ukivutwa na kukatwa, ukivutwa na kukatwa. Nasra akasema neno ambalo hawakulikamata.

"Wanafanya nini?" Tatu alinong'ona.

"Sijui."

"Wewe unajua kila kitu kibaya kabla hakijaja. Sema."

Johari alitega sikio. Akatafuta woga wake mahali unapokaa siku zote, chini kidogo ya moyo, akaukuta umehama.

"Wifi," alisema, "nadhani wanafunga maboksi."

Mlango ukafunguliwa mbawa zote mbili. Nyuma ya Bi Habiba sakafu ilikuwa tupu, hakuna kikapu hata kimoja kilichoachwa, na maboksi yamejipanga hadi karibu na dari. Tatu alipiga kigelegele kabla mkaguzi hajafungua kinywa.