Mshereheshaji na Matunzo ya Mwanawe

Mjini hapakuwa na mtu aliyependa watoto kama Asali. Muulize yeyote aliyewahi kwenda harusini akamkuta yeye ndiye mshereheshaji. Jina la Asali alipewa na watu kwa ajili ya sauti yake, naye akalipokea bila ubishi, kama alivyopokea sifa nyingine zote. Akishika kipaza sauti, vijiko viliwekwa chini na watoto waliacha kukimbizana. Kisha, keki ikishakatwa, alimgeukia bwana harusi na kushusha sauti kama anayembembeleza mgonjwa.

"Mdogo wangu, kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Baba ni nguzo. Nguzo ikiondoka, nyumba itasimama na nini?"

Hapo akina mama walitafuta leso, na akina baba wakakohoa na kuangalia viatu vyao.

Nguzo yenyewe ilikuwa na binti wa miaka tisa upande wa pili wa mji. Nyumba ya binti huyo ilikuwa imesimama miaka yote bila nguzo, kwa muujiza ambao Asali hakuwahi kujisumbua kuuchunguza. Muujiza huo ulikuwa mama wa mtoto, fundi cherehani aliyeshona sare za shule katika chumba kimoja: cherehani mbele, kitanda nyuma, pazia katikati. Asali aliwahi kuishi humo. Mtoto alipoanza kuota meno akawa analia, na Asali akagundua kwamba kelele zile zinamharibia koo. Mtu wa sauti lazima atunze kitendea kazi chake. Akaondoka na suti zake zote, akawaachia pasi, kwa kuwa ilikuwa mbovu.

Msimdhanie mbaya lakini. Hakuwa mmoja wa wale akina baba wanaopotea kabisa. Kila mwaka alikuja mara moja na mfuko wa peremende na rafiki yake mpiga picha. Alimpakata mtoto, akatabasamu, picha ikapigwa, akaangalia saa. Picha ilitundikwa ofisini kwake, na maharusi waliokuja kumkodi waliitazama wakaambiana, "Huyu anajua anachokisema."

Mambo yalianza kuharibika mwalimu alipomwita fundi cherehani na kumwambia mtoto haoni ubaoni. Ananakili kwa jirani, makosa na yote. Hospitali wakasema miwani. Mama akampigia simu Asali, ambaye wakati huo alikuwa dukani anajaribu suti mpya ya rangi ya papai.

"Miwani? Mtoto mdogo vile! Unataka kumzeesha?"

"Haoni ubaoni."

"Mpe karoti."

"Nimempa."

"Basi mwongeze. Na akae dawati la mbele. Tutumie akili, mama, si kila kitu pesa."

Akakata simu, akajigeuza mbele ya kioo, akaiona suti imemkaa.

Dada yake Asali ndiye aliyemtia moyo mama huyo. Alikuwa amekuja kuchukua sare za wanawe akamkuta fundi cherehani amekaa tu, mguu juu ya kanyagio, cherehani haitembei.

"Wifi, utambembeleza mpaka lini?" akamwambia alipokwisha kuelezwa. "Yule ni ndugu yangu, tumekula sahani moja. Maneno anayo tele, mkono ndio mfupi. Nenda ustawi wa jamii."

"Watu watasema nimemshtaki baba wa mtoto wangu."

"Watasema, ndiyo. Na mtoto haoni. Chagua."

Akaenda. Ofisa wa ustawi akampigia Asali, naye akaahidi kufika kesho kwa sauti tamu hata ofisa akakaribia kupiga makofi. Kesho hiyo ilizaa kesho nyingine, na ile nayo ikazaa, ukoo mzima wa kesho, mpaka ofisa akachoka na kulipeleka jambo mahakamani.

Mjumbe wa mahakama alimtafuta nyumbani na ofisini, akaambiwa bosi hayupo. Hakuwa mjinga. Akauliza harusi ya wiki hiyo iko ukumbi gani. Alasiri wageni wakiwa kwenye foleni ya kutoa zawadi, na yeye akaungana nao, bahasha mkononi. Asali akaipokea kwa mikono miwili, akaiinua juu.

"Makofi kwa mgeni wetu huyu! Hajamsahau mshereheshaji! Mzee, unatoka upande wa bwana au wa bibi harusi?"

Mjumbe akainamia kipaza sauti. "Natoka mahakamani."

Ukumbi ukacheka. Walidhani ni utani wa Asali, walizoea. Naye akacheka kwa nguvu kuliko wote, bahasha akaifungua chooni.

Siku ya kesi ungempita njiani usimjue. Suti zilibaki kabatini. Alivaa shati lililotoka kola na kandambili za kufulia, na ile sauti akaifanya nyembamba kama uzi uliotumika mara mbili. Fundi cherehani alipomwona, aliangalia mshono wa lile shati kwa mazoea, akajua limechanwa jana.

Hakimu alikuwa mwanamke mwenye mafua na asiye na haraka. "Unafanya kazi gani?" akamuuliza.

"Vibarua tu, mheshimiwa. Siku napata, siku nakosa. Leo hapa nilipo sijatia kitu mdomoni."

"Mtoto ni wako?"

"Damu yangu, mheshimiwa! Nampenda kufa. Kama mama yake kashindwa, mimi nipo tayari kumchukua leo hii."

"Yuko darasa la ngapi?"

Asali akatazama dari. "La pili."

"La nne," akasema mama wa mtoto.

"Siku hizi wanapanda haraka," akasema Asali.

Hakimu alikuwa anapenga kamasi wakati gari ya matangazo ilipopita barabarani, nje ya dirisha. Au ingepita, kama lori la mchanga lisingezimika mbele yake. Spika ziliwashwa mpaka mwisho, na sauti iliyojaa chumba cha mahakama ilikuwa tamu, nzito, isiyo na njaa hata kidogo: "Asali! Mshereheshaji namba moja! Wikiendi zote zimejaa hadi mwisho wa mwaka! Wahi nafasi za katikati ya wiki! Bei za wanaojiweza!"

Lori halikuwaka. Tangazo likaanza upya. Karani akajifanya anatafuta kalamu chini ya meza, mabega yanamtikisika.

"Huyo ni nani?" akauliza hakimu.

"Kuna mtu tunafanana sauti," Asali akajibu. Lakini kwa hofu alisahau kuifanya nyembamba, ikatoka vilevile ilivyokuwa inatoka nje, kama mtu na mwangwi wake. Tangazo alilipia mwenyewe, tena kwa kubembeleza lipite mitaa ya ofisi za watu wakubwa.

Hakimu akaweka leso pembeni. "Sikiliza. Matunzo si zawadi, ukawa unatoa siku moyo wako unapolainika. Ni haki ya mtoto. Kulisha, kuvisha, kusomesha, kutibu: hayo ni ya wazazi wote wawili. Huyu mama ametimiza fungu lake na lako pia." Kisha akaagiza kiasi cha kila mwezi, kipitie mahakamani, na miwani ilipwe wiki hiyohiyo.

Mwezi wa kwanza Asali alichelewa, ili kuonyesha kwamba yeye ni mwanamume. Mahakama ikamkumbusha kwamba gerezani nako kuna wanaume wengi. Tangu hapo hakuchelewa tena.

Fundi cherehani aliponunua cherehani ya pili, majirani walimwambia amebahatika kuzaa na mwanamume anayejali. Yeye akaendelea kushona. Binti naye, siku ya kwanza ya kutolewa matembezi na baba yake, miwani mpya usoni, alimkazia macho mezani mpaka Asali akaacha kutafuna.

"Nini?"

"Kumbe una mvi, baba."

"Hizi? Vumbi tu."

"Ni mvi. Nyingi." Akaanza kuzihesabu kwa kidole, na Asali, aliyezoea kutazamwa na kumbi nzima, hakujua aweke wapi uso wake. Alimwacha ahesabu. Jumamosi iliyofuata alikwenda kumchukua tena bila mpiga picha, wala hakumwambia mtu.

Lakini kwa kinyozi alisema mengi. Alikaa kitini, shuka shingoni, akasimulia jinsi mwanamume wa siku hizi anavyoonewa: analipa ada, analipa chakula, analipa nguo, kila mwezi, kwa mtoto wake mwenyewe!

"Na mama yake?" akauliza kinyozi.

"Yeye yupo tu. Anashona."

Waliokuwa kwenye benchi wakatikisa vichwa kwa huzuni, mmoja baada ya mwingine wakampa pole. Asali akazipokea zote.