Khitma ya Diski

Silvesta ana kibanda cha kutengeneza kompyuta hapa Konde, ubavuni mwa cherehani yangu, na tangu ahamie kutoka Kigoma sijawahi kumsikia akisema "nimekosea." Mashine huitibu bila kuifungua. Huigonga, huitegea sikio, kisha hutoa hukumu. "Fundi wa kufunguafungua ni fundi anayetafuta," husema. "Mimi najua." Mara nyingi hupatia, na hilo ndilo lililomharibu.

Siku moja Bi Moza alimletea kompyuta kuukuu ya marehemu mumewe, Mzee Kificho. Umeme ulikatika ghafla, na tangu hapo ilikuwa inawaka kioo kitupu. Ndani yake mlikuwa na sauti ya mzee akisoma kasida, aliyojirekodi mwenyewe ukumbini kwake kabla hajaugua. Nakala nyingine hakuna. Kila Ijumaa Bi Moza alikuwa akikaa kuisikiliza.

Silvesta akachomeka flashi yake ya kuwashia mashine zilizogoma. Ikawaka, lakini diski haikuonekana. Akagonga. Akategea sikio.

"Pole sana, Bi Moza. Diski imekufa."

Fundi hulitoa neno hilo kama sisi tunavyotoa salamu. Bi Moza akakaa kitako palepale kizingitini. "Basi Kificho kaniondokea mara ya pili," akasema, akajifunika ushungi. Roho iliniuma, nikamkasirikia Silvesta kana kwamba diski kaiua yeye.

Kwetu msiba hauachwi hivihivi. Kufika Alhamisi majirani walishakubaliana mzee asomewe khitma nyingine, na masufuria yakainjikwa. Silvesta naye akaalikwa, maana ndiye aliyeleta tanzia. Alikuja na kanzu ya kuazima iliyomwishia magotini.

Wakamketisha pembeni ukumbini kwa Bi Moza, karibu na ile kompyuta, ambayo ilikuwa imesharudishwa na kufunikwa kitambaa usoni, mgongo wazi. Baada ya dua sinia likaja. Nilikula naye sinia moja, kwa hiyo nilimwona akilirudisha tonge. Macho yake yalikuwa nyuma ya mashine, kwenye tundu moja pana lisilofanana na mengine.

"Hii kadi imetoka wapi?" akaninong'oneza.

"Kadi gani?"

"Kompyuta ya nyumbani haina kadi hii. Ni za maofisi makubwa huko ng'ambo. Diski haikuchomekwa kwenye ubao wa mashine, inaendeshwa na kadi hii! Flashi yangu haiijui, ndiyo maana haikuona kitu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo huenda umeme ulivuruga programu ya kuwashia tu, diski yenyewe iko hai."

"Basi sema."

Akalitazama sinia. Akawatazama watu waliokwisha kushiba. "Lakini wali wameshaula," akasema kwa uchungu.

Nikamfinya. Akainuka na kanzu yake ya magotini, akapaza sauti: "Jamani, marehemu hajafa!"

Shehe Hamad, mtu mzima mwenye heshima zake, aliruka sinia. Upande wa wanawake birika likaanguka na mtu akapiga ukelele. Ilichukua muda mrefu kueleweshana ni marehemu yupi.

Silvesta akamtuma mtoto kibandani alete flashi na bisibisi, na mbele ya umma ule akaifungua mashine, akamulika kwa simu, akasoma namba za kwenye kadi, akaitafuta mtandaoni draiva yake, yaani programu ya kuitambulisha, na kuitia kwenye flashi. Aliwasha tena huku jasho likimtoka. Diski ikatokea kiooni.

"Nilikosea," akasema, akiiangalia bisibisi.

Shehe Hamad akamtaka arudie, kule nyuma hawakusikia.

Bi Moza akaitwa, akaketi mbele. Sauti ya Mzee Kificho ikajaa ukumbini. Katikati ya kasida mzee akanyamaza, akakohoa, akasema: "Moza, hebu n'tolee kuku huyu." Kisha akaendelea.

Watu wakaangua kicheko. Hata mimi nilicheka, nikasema kumbe khitma yote hii ni ya kuku. Bi Moza hakucheka. Alikuwa ameshainuka, amefika mlangoni, anapunga ncha ya kanga kwenye ukumbi wa nje usiokuwa na kuku hata mmoja.

"N'shamtoa, bwana," akasema. "Soma."