Redio Isiyofika Koboko

Sauti ya Sule Latifu ilijulikana Arua nzima, kuanzia Pajulu mpaka Logiri, isipokuwa nyumbani kwao. Kwao ni Koboko, na redio aliyoitangazia ilikata roho njiani. Mawimbi hayakuwa na nguvu, ndugu zangu, basi.

Baba yake, mzee Latifu, askari mstaafu anayeuza vipuri vya baiskeli sokoni, kila alipoulizwa habari za kijana wake alijibu neno moja tu: "Iko Arua." Hakuwahi kusema iko kazini. Jirani mmoja akatania kwamba labda kijana huyo huongea na ukuta. Sule alipoambiwa alicheka, lakini neno hilo hakulisahau.

Kwa hiyo shirika moja la misaada lilipomtaka akawatangazie wakimbizi kwa kipaza sauti juu ya gari, kwa mshahara mnono, hakuna aliyeshangaa. Watangazaji wa redio ile walikuwa kama kumbikumbi: wakiota mabawa, wanaruka. Prossy aliruka hivyohivyo, Aliga akafuata. Shirika likampa Sule mpaka mwisho wa mwezi awe amejibu.

Meneja wao, Eyotaru, kreti ya soda za kuagana ilikuwa tayari nyuma ya mlango wake. Hata hivyo alimwita Sule, akamwahidi cheo. Sule akakataa. Akamwahidi kumpunguzia zamu za alfajiri. Akakataa vilevile.

"Sasa unataka nini, Sule?"

"Nataka mzee yangu asikie mimi, Madam. Miaka yote hii nafanya kazi, na yeye hajui kama hii ni kazi."

Eyotaru akapiga hesabu. Mlingoti mrefu wa kufikisha mawimbi Koboko hakuwa na uwezo nao. Lakini alimfahamu Hakim, mwenye redio ndogo huko Koboko, ambaye naye alikimbiwa na wafanyakazi, hata Ijumaa mchana akabaki kupiga muziki mtupu. Wakapatana: Sule atangaze akiwa Arua, Hakim ampokee kwa intaneti na kumrusha Koboko.

Ijumaa ya kwanza intaneti ikagoma, Koboko wakasikia mluzi tu. Ya pili, vivyo hivyo. Mzee Latifu akawaambia wateja kwamba redio ya kijana wake inapiga filimbi kama polisi.

Sule hakukata tamaa. Ijumaa ya mwisho ya mwezi alipanda gari asubuhi, akaenda kuketi mwenyewe katika chumba cha Hakim, Arua wakamsikia kupitia simu. "Watu ya Koboko, habari ya mchana," alianza, kwa Kiswahili cha nyumbani. Saa yake ilipokwisha, akashuka sokoni.

Redio ya mzee ilikuwa juu ya boksi, katikati ya minyororo na spoku. Mteja alikuwa akiuliza ni nani yule aliyekuwa akiongea.

"Kijana yangu."

"Kumbe! Siku hizi iko wapi?"

"Iko kazini," mzee akasema, bila kuinua uso.

Sule akarudi nyuma ya kibanda. Akalipigia shirika simu, akalishukuru kwa heshima. Kisha akampigia Eyotaru: soda wanywe tu, ila kiti chake wasimpe mtu.

Alipojitokeza kumsalimia baba yake, mzee alimtazama, akaitazama redio.

"Wewe nafanya nini hapa? Rudi kazini."