Chanjo ya Soko la Mudaka

Nakumbuka asubuhi moja ya siku ya soko, kule Mudaka, nilipokuwa mama kijana na mtoto wangu wa kwanza mgongoni. Surua ilikuwa imeingia vijiji vya jirani. Nilikwenda na mama mkwe wangu hadi kituo cha afya, tukamkuta muuguzi peke yake.

"Maman, nikifungua chupa ya chanjo ju ya mutoto mumoja, dawa ingine itaharibika," alisema. "Ngojea wengine."

Wengine hawakutokea. Nikakaza kitenge changu nirudi nyumbani, nikalalamika kwamba serikali inatupa kwa mkono mmoja na kutunyima kwa mwingine.

Mama mkwe akanishika bega. "Unarudia wapi? Serikali ilileta chupa. Batoto nani atabaleta, ministre, waziri mwenyewe?"

Akanivuta hadi sokoni, akaanza kuwaita akina mama wapeleke watoto kwenye chanjo ya bure. Mwanangu, bibi yule alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto! Mama mmoja muuza sombe, yale majani ya muhogo, naye na mtoto mgongoni, akabisha: "Dawa ya bure? Iko na nini ndani?"

"Jua pia iko bure, na kila siku unaanika muhogo yako!"

Soko likacheka.

"Na sombe yangu?"

"Nitauzisha mimi. Kwenda!"

Mama mkwe akaketi mahali pake, akaisifu sombe ile kuliko mwenyewe. Wauza sambaza nao wakamwachia mabeseni yao ya samaki, tukapanda kilima hadi kituoni tukiimba, kila mmoja na wake mgongoni. Muuguzi alipotuona akapiga makofi, kisha akafungua chupa. Watoto walilia kwaya ambayo hata kanisani hatujapata kuisikia!

Surua ilipofika kwetu, binti yangu yule hakuugua, aliendelea tu kuvunja vikombe vyangu. Sikumgombeza.

Mwanangu, kuna vitu tunavyovihitaji sote, lakini kila mmoja akiachiwa ajinunulie, wengi tutasema kesho: chanjo, shule, maji safi. Ndiyo maana ni wajibu wa serikali kuvileta. Isipovileta, idai bila woga. Ikivileta, usikae nyumbani ukingoja, maana mkono mmoja haulei mwana. Chanjo ya mtoto wa jirani ni ukuta wa nyumba yako pia. Mpeleke wako, na upite kumwita jirani na wake.

Mungu awape watoto wako miguu yenye vumbi la michezo, na nyumba yako ikose utulivu kwa kelele zao.