Pale Baba Alipoificha Sauti ya Kukhu

Baba yangu alikuwa na tabia moja ambayo sijaisikia kwa mlevi mwingine: akilewa, anaficha vitu. Wengine wakilewa huimba, wengine hutafuta vita, wengine huanza Kiingereza. Baba alikuwa akiingia nyumbani kwetu Kibera, upande wa Makina, anasalimia kila mtu vizuri, kisha anaanza kuokoa mali isiibiwe. Kiatu tulikipata ndani ya sufuria ya maharagwe. Rimoti ya televisheni tuliitoa kwenye unga. Asubuhi tukimuuliza, alishangaa kuliko sisi. "Mimi? Mimi huyu?"

Mama hakumwamini hata siku moja. "Anajifanya," alisema, na ukiangalia, alikuwa na sababu. Majirani walimwona akipita wima kabisa, akisimama kuulizia bei ya sukuma wiki, akibishana mpaka anapunguziwa. Mtu anayeweza kupunguziwa bei atasahauje? Nilikuwa msichana wa maswali mengi, na hilo lilinikaa kichwani kuliko hesabu za shule. Nilimchunguza baba jinsi wenzangu walivyochunguza sinema. Ulimi ndio ulilegea kwanza, akasema mambo ambayo mchana angeyameza. Miguu ikafuata, ikitafuta ardhi kama mtu anayeshuka ngazi asiyoijua. Macho yalikuwa ya mwisho: yanakutazama, lakini hujui kama umeonekana. Mama alijaribu chai kali, alijaribu kumwagia maji baridi, na alichopata ni mlevi aliyelowa.

Halafu kulikuwa na mkasa wa funguo. Baba alichomelea vyuma huko Kawangware, kwenye stendi ya 56, milango na madirisha, na siku moja funguo za karakana zikapotea. Tulitafuta mpaka tukakata tamaa. Jioni iliyofuata akarudi amelewa, akaenda moja kwa moja nyuma ya mtungi wa maji, akazitoa, akamkabidhi mama kwa heshima zote. Kuanzia hapo ploti yetu nzima iliamini kwamba baba ana akili mbili, ya chai na ya pombe, na kwamba hazisalimiani. Hata mimi niliamini. Nilitamani sana kujua zinakaa wapi.

Kukhu ndivyo tulivyomwita bibi yetu, mamake mama, aliyeishi huko kwetu magharibi. Kabla hajafariki, alirekodiwa kwenye simu ya mama. Aliongea, akaimba kidogo, akamwachia mama maneno yake. Rekodi ilikaa kwenye kadi ya memori, ile ndogo kama ukucha, na haikuwa mahali pengine popote. Mama aliisikiliza akiosha vyombo. Asubuhi moja tukaikuta simu mezani imefunguliwa mgongo, na kadi haimo. Jana yake baba alikuwa amerudi amelewa chakari.

Woi, mama yangu! Hakupiga kelele. Alikaa sakafuni akaanza kupepeta unga, kisha mchele, kisha ndengu. Alifumua mito. Baba alipiga magoti kando yake, naye akitafuta, huku akiuliza, "Lakini nani angefanya hivi?" Nilimwonea huruma na nikataka kumzaba kofi, yote kwa pamoja. Kadi haikuonekana.

Miezi michache baadaye macho ya baba yaligeuka manjano. Kwenye kliniki moja ya mtaa wa Ayany waliangalia ini lake, wakatikisa kichwa. Nilifikiri daktari atamwambia aache leo leo, lakini alisema hapana, asithubutu kuacha ghafla akiwa peke yake nyumbani. Ubongo uliozoea kutulizwa na pombe kila siku, ukinyimwa kwa mpigo, unaweza kuruka hadi mtu aanguke kifafa. Basi akalazwa, akapewa dawa. Mikono ilimtetemeka hata hakuweza kushika kikombe, yeye aliyechomelea chuma bila kutikisika. Kumbe asubuhi zile zote ni pombe ya jana, ile chang'aa, iliyokuwa ikimshikia mikono! Alipotoka alikuwa mkavu, hana tone la pombe mwilini, na onyo lilikuwa moja: akirudia, ini halitamsubiri.

Siku niliyomsindikiza kwa ukaguzi, nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Nikamuuliza daktari, mwanamke mcheshi, habari ya zile akili mbili. Alicheka kwanza.

"Akili ni moja," alisema. "Lakini kusahau kuko kwa aina mbili. Kuna wakati kumbukumbu imeingia, ila imepotea njia. Mtu akikumbushwa inarudi, na wengine hata wakilewa tena inarudi. Pengine ndiyo ile ya funguo. Lakini mtu akinywa nyingi haraka haraka, sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo inazima. Umeona kamera ya dukani? Skrini inaonyesha watu wakipita, kumbe mashine hairekodi. Anatembea, anaongea, anabishana bei, kila kitu sawa. Kesho ukitafuta, hakuna cha kutafuta."

"Kwa hivyo hakusahau?"

"Hakusahau. Haikuingia. Mkimkumbusha na kukumbusha, na bado hana hata kipande kimoja, jueni haikurekodiwa."

Nilirudi Makina nikiwa na furaha ya ajabu. Baba hakuwa mwongo! Nikambebea mama habari hiyo kama zawadi. Akasonya. "Huyo daktari wako ameolewa na mlevi?"

Mwaka ulipokaribia kutimia tangu kukhu afariki, watu wa nyumbani wakapiga simu. Siku ya ukumbusho walitaka sauti yake ichezwe, wajukuu waisikie. Mama hakuwa na uso wa kuwaambia. Akamweleza jirani, na jirani, kwa moyo safi kabisa, akampa ushauri: "Si aliwahi kuzipata funguo akiwa amelewa? Mpe kidogo tu. Dawa ya moto ni moto."

Wakati huo nilikuwa nimehamia chumba cha kupanga Kawangware, kwa hivyo sikuyajua hayo. Jumapili hiyo nilifika baada ya kanisa, nikawakuta wamekaa pande mbili za meza. Mezani kulikuwa na glasi imefunikwa kisosi, vile unavyofunika chai isiingie nzi. Harufu ilinifikia mlangoni.

"Nani ameleta hiyo kitu?"

"Mimi," mama akasema.

Mama! Mama aliyekuwa akimwaga chupa za baba mtaroni, aliyevuka upande wa pili wa njia ili asipite mlango wa mama pima, muuza chang'aa. "Mama, umerogwa? Unataka kumzika?"

"Nataka mama yangu!" Sauti yake ilipasuka. "Glasi moja. Akumbuke, basi, nimwage inayobaki."

Baba alikuwa anaitazama glasi. Niliona mkono wake wa kulia ukianza kutetemeka pale pale, ingawa hajagusa hata tone. Kumbe mwili unakumbuka hata pale kichwa kimekataa. Niliogopa sana.

"Mathe," akaniita, yaani mama, maana nilipewa jina la mamake. "Hiyo kamera ya daktari. Siku ya kadi, ilikuwa inarekodi?"

"Wewe niambie. Unakumbuka nini?"

Akafumba macho. "Nilimaliza geti. Nikaketi kwa mama pima. Halafu asubuhi, mama yako ako sakafuni na unga." Akatafuta tena. "Hapo katikati mmeniambia mara ngapi? Na bado hakuna. Hata sauti."

Akamgeukia mama. "Mama watoto, naweza kukunywa hiyo. Usifikiri sitaki, naitaka mpaka meno yanauma. Lakini huko ndani hakuna kitu. Nitakunywa na nitarudi mikono mitupu."

Mama akajifunika uso na leso. Nyuma ya ukuta redio ya jirani ilikuwa ikihubiri.

"Lakini siku ya kumrekodi nilikuwa mkavu," baba akasema.

Mama akashusha leso.

"Si mamako alikataa niingie na harufu ya pombe? Nikakaa siku nzima bila. Wewe ulikuwa unalia, simu nikashika mimi." Alisema polepole, macho yameganda ukutani. "Aliuliza kama hiyo simu inakula sauti ya mtu ama inaiazima tu. Akasema ng'ombe wa madoa asiuzwe. Kisha akakuita jina lako la utotoni, akaimba ule wimbo wa kubembeleza."

Akaanza kuuimba. Baba hajui kuimba, hilo halina ubishi. Aliukwaruza kama msumeno, akafika katikati, na mama akamkata.

"Si hivyo. Alikohoa kwanza. Akasema subiri nimeze mate."

"Kweli. Alikohoa."

Mama akainuka. Akachukua glasi pamoja na kisosi chake, akatoka, nikasikia ikimwagika mtaroni. Aliporudi, nilikuwa nimeiweka simu yangu mezani, pale glasi ilipokuwa, na inarekodi. Akaketi karibu na baba, karibu kuliko nilivyowahi kuwaona, akaushika ule mkono uliokuwa bado unatetemeka.

"Anza tena, mzee," akasema. "Toka pale alipokohoa."