Shati la Siku ya Ukaguzi

Mama alianza kumwandaa baba kabla chai haijachemka. Alimnyoa ndevu, akampaka mafuta, akamvika shati jeupe la kanisani, kisha akamfunga kitini kwa kitenge ili asianguke, na fundo akalificha chini ya koti. Kwetu Makoko mgeni hapokelewi na mtu mchafu. Na mgeni wa siku hiyo alikuwa mkubwa: daktari wa jeshi, anakuja kuamua kama baba anastahili posho ya kumlipa mtu wa kumhudumia.

Kipande cha bomu alichorudi nacho mgongoni kutoka vita vya Kagera kilimwacha atembee miaka mingi. Uzeeni kikamdai miguu, halafu mikono. Tangu hapo mama ndiye aliyemnyanyua, akamwogesha, akamlisha, mpaka kiuno chake nacho kikaanza kukatika. Hospitalini Bunda walimkataza kubeba kizito chochote. Binamu yangu wa Butiama, kijana mwenye mabega, alikubali kuja kumsaidia, ila hakuweza kuacha shamba bila malipo. Tumaini letu lote lilikuwa hiyo posho.

Daktari aliingia na magwanda. Baba alipoona nyota begani, shingo yake ilinyooka.

"Mzee, kuoga unafanyaje?"

"Naogaga mwenyewe, afande!"

"Na kula?"

"Nakulaga kama kuruta!"

Daktari akacheka. "Kuvaa je?"

"Si unaniona, afande? Niko fiti!"

Nilimtazama mama. Nyumbani kwetu mke hakanushi neno la mumewe mbele ya mgeni. Alikuwa ameinamia sakafu, mkono kiunoni.

"Shikamoo, daktari," nilisema. "Ukweli ni kwamba baba hawezi..."

"Kimya!" Sauti ile ya baba sikuwa nimeisikia tangu utotoni. "Raia haongei kwenye ukaguzi!"

Daktari alimtazama tena: ndevu safi, kola iliyopigwa pasi, mgongo wima.

"Wewe bado chuma, mzee," alisema akisimama. "Posho hii ni ya wasiojiweza kabisa."

Gari lake halijafika barabarani, mkojo ukaanza kudondoka chini ya kiti. Mama alifungua fundo. Baba akamwangukia begani, mzito kama gunia la pamba lililonyeshewa.

"Ameondoka?"

"Ameondoka."

"Nimejibu vizuri?"

"Vizuri, baba watoto."

Akapitisha mikono chini ya makwapa yake, akauma meno, akamnyanyua.